Ala ya Kwapani Si Pambo

Watu wa Mpanda hawakuanza jana kuishi na silaha. Katika nchi hii ya misitu ya miombo, gobori la mwindaji lilibebwa begani na kila aliyepita njiani aliliona. Lakini wako pia wananchi wachache, kama vile wanunuzi wa dhahabu na wafanyabiashara wa mazao wanaosafiri na fedha, wanaomiliki rivolva ndogo kwa leseni. Silaha hiyo haibebwi begani. Hufichwa kwapani, chini ya koti, ndani ya ala ya ngozi. Ni juu ya ala hiyo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu Jumapili hii, kwa kuwa mnunuzi aweza kutazama rangi ya ngozi na uzuri wa mshono, akasahau kuuliza jambo lililo kubwa zaidi: je, ala hii itaizuia silaha isiguswe na mkono usiostahili?

Sharti la kwanza ni kwamba ala ifunike kabisa kifyatulio pamoja na upinde wa chuma unaokizunguka. Kidole, kishikizo cha shati wala ncha ya kalamu visiweze kupenya. Sharti la pili ni kwamba ala iwe imekatwa kwa kipimo cha rivolva ile ile, kwani bastola yenye mtutu wa inchi mbili ikitiwa katika ala ya bastola kubwa hucheza, na kinachocheza huchomoka. Tatu, pawe na ukanda mfupi unaopita juu ya nyundo ya silaha na kufungwa kwa kifungo imara, na ngozi iwe ngumu isiyojikunja.

Rivolva ndogo ya chuma ina uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo. Uzito huo ukining'inia upande mmoja bila kushikizwa, ala itapepea kila mvaaji anapoinama. Kwa hiyo kamba za mabega hazitoshi; hapana budi ala ifungwe pia kwenye mkanda wa suruali. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuijaribu akiwa na silaha isiyo na risasi hata moja, iliyokaguliwa na watu wawili. Ainame kama afungaye viatu, apande ngazi, akimbie hatua chache. Ikisogea, airudishe.

Yafaa pia kutazama mtutu unaelekea wapi. Zipo ala zinazoilaza bastola, mtutu ukitazama nyuma. Mvaaji akikaa ndani ya basi, mtutu huo humtazama abiria aliye nyuma yake. Akiendesha pikipiki, humwelekea aliyempakia. Ala inayoelekeza mtutu chini ina heri zaidi kwa jirani, ijapokuwa haifichiki vyema chini ya koti fupi.

Wenye rivolva za zamani wanastahili onyo la peke yao. Baadhi yake hazina kizuizi cha ndani kati ya nyundo na risasi, na zikianguka huweza kulia zenyewe. Desturi ya wenye busara ni kuacha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu. Asiyejua rivolva yake ni ya aina gani amwulize fundi wa silaha mwenye kibali.

Joto la Mpanda, hasa miezi ya Septemba na Oktoba kabla ya mvua, huleta jasho, na jasho lina chumvi. Ngozi hulinywa jasho hilo na kuirudishia bastola kuwa kutu. Kwa sababu hiyo silaha isilazwe usiku kucha ndani ya ala. Ifutwe, nayo ala ianikwe kivulini.

Msafiri aendaye Sumbawanga kwa njia ya Sitalike akumbuke kwamba barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kuingia hifadhini na silaha bila ruhusa ni kosa. Apate maelekezo ya polisi kabla ya kuondoka. Aidha, leseni itolewayo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni ya mtu aliyeandikwa jina. Haimhusu mkewe, kaka yake wala dereva wake.

Tumeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Baba arudipo nyumbani jioni, mtoto humkimbilia. Baba humnyanyua na kumpakata ubavuni, na mikono ya mtoto huyo hufika mahali gani kama si kwapani? Hapo ndipo ilipo silaha, na vidole vidogo hupenda kufungua vifungo. Hakuna ala, hata ingekuwa ya bei gani, iliyotengenezwa kushindana na udadisi wa mtoto wa miaka minne. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Basi mwenye nyumba apitilize chumbani kwanza, atoe risasi, afungie silaha kwa ufunguo wake na risasi mahali pengine kwa ufunguo mwingine, avue na ala. Mtoto atasubiri dakika tano mlangoni. Akishamaliza hayo yote, ndipo ampakate mwanawe.