Goma: Mabaki ya jiko la chuo yawe mbolea, yasiwe makombo ya wakimbizi

Kila jiko linalolisha wanafunzi wa chuo kikuu hapa Goma linaacha maganda ya ndizi na viazi, vijiti vya sombe, na ugali uliobaki kwenye sahani. Vikirundikwa nyuma ya ukuta pamoja na masashe ya plastiki, vinaoza, vinanuka, vinaita nzi na panya.

Wako wanaosema: «Wapelekewe wakimbizi wa vita.» Hapana! Mama aliyekimbia Masisi ao Rutshuru ni mkulima. Aliacha shamba, hakuacha heshima yake. Chakula safi kisichoguswa, apewe kingali moto. Makombo ya sahani si msaada.

Anachokosa ni udongo. Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji, na juu ya mawe hayo ndipo watu wanatafuta pa kupanda lenga-lenga. Maganda yakichanganywa na majani makavu mengi, yakilowanishwa kidogo na kugeuzwa kila juma, baada ya miezi kama mitatu ni mbolea nyeusi. Itiwe na udongo ndani ya gunia, mboga zitaota hata penye lava.

Ndiyo, mbolea haishibishi tumbo la leo. Posho ya wakimbizi lazima iendelee. Lakini chuo kinachofundisha mazingira darasani, kisha kinatupa mbolea mtaroni, kinafundisha nini? Wakuu wa vyuo waamuru plastiki itengwe na maganda kuanzia jikoni, kisha wawafungulie milango wenye kulima.