Wana wamekua, mbona Krismasi ingali ya mkopo?

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii haimwingii mtu vizuri hadi Januari ifike, mwezi ambao wakazi wa mjini wameubandika jina la Njaanuari. Nyama imekwisha, picha zimepigwa, wageni wameshaaga. Lililobaki nyumbani ni deni, na deni halina likizo.

Leo, msomaji mpenzi, ninazungumza na wewe mzazi ambaye watoto wako wamekuwa watu wazima. Nawe kijana uliye chuoni au uliyeanza kazi juzi, usifunue ukurasa, kwani haya yanakuhusu pia.

Kwa miaka mingi, Krismasi ya familia nyingi za mjini imefuata utaratibu mmoja. Baba na mama hukopa. Kila mtoto hununuliwa nguo na viatu vipya. Sukari, mchele na mafuta ya kupikia hufungwa katika maboksi, na siku mbili kabla ya sikukuu nyumba nzima hupanda gari kwenda kwa nyanya mashambani, wakati ambapo nauli imepanda na foleni za magari ni ndefu.

Utaratibu huo ulikuwa na maana yake watoto walipokuwa wadogo. Sasa kifungua mimba ana miaka 25 na kazi yake ni ya zamu. Anayemfuata yuko chuo kikuu na ana mipango yake. Kitinda mimba amefika miaka 17, na shati ulilomchagulia hatalivaa hata ukimpigia magoti. Lakini wazazi wangali wanachukua mkopo ule ule, kwa mambo yale yale, kana kwamba wana wangali wanashikwa mkono kuvuka barabara.

Kabla ya kuzungumzia safari, chukua karatasi na kalamu. Andika kila deni: la chama cha akiba na mikopo, la simu, la daftari la mwenye duka, na zile pesa ulizoazima kwa jirani ukaahidi mwisho wa mwezi. Kando ya kila deni, andika linakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Wazazi wengi hujua jumla ya deni lakini hawajui bei yake.

Hebu tupige hesabu. M-Shwari ilipoanzishwa mwaka wa 2012, ada ya mkopo wake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Tuseme umekopa shilingi 20,000 kwa ada kama hiyo. Baada ya mwezi mmoja utadaiwa shilingi 1,500 juu ya pesa ulizochukua. Ukilipa kwa kukopa tena, mwezi baada ya mwezi, mwaka utakwisha ukiwa umetoa ada ya shilingi 18,000, na zile 20,000 bado unadaiwa.

Sasa tazama upande wa pili. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza mkopo wa kawaida asilimia moja kwa mwezi, kwa deni lililosalia tu. Shilingi 20,000 hizo hizo, ukizilipa kidogo kidogo kwa miezi 12, zitakutoza riba ya takriban shilingi 1,300 kwa mwaka mzima. Yaani riba ya mwaka hapa haifikii ada ya mwezi mmoja kule. Kwa hivyo, usianze na deni linalokuaibisha zaidi. Anza na lile linalokula zaidi. Lipa mengine kiwango cha chini ulichokubaliana, kisha shilingi yoyote ya ziada iende kwa lile ghali mpaka life. Likiisha, pesa ulizokuwa ukililipia zielekeze kwa linalofuata.

Ila usikimbilie kuongeza mkopo wa chama bila kutazama hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara. Aliyefika karibu na mpaka huo tayari anaishi kwa theluthi moja, na ndiye huyo atakayerudi kwenye simu tarehe 10 ya mwezi. Tena, chama hutaka wadhamini. Ukishindwa kulipa, ni rafiki yako wa kazini atakayekatwa.

Ukishajua hesabu, waite watoto. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Baba huona haya kuwaambia wanawe kwamba hana. Mama huogopa kwamba watapoteza heshima. Lakini mtu wa miaka 22 anaona. Anasikia simu ikilia na baba asiipokee. Anajua kwa nini mama haendi tena duka la pembeni. Ukinyamaza, atajaza mwenyewe mambo usiyomwambia, na huenda akafikiria makubwa kuliko yaliyopo. Sema wazi: tunadaiwa kiasi hiki, tunalipa hivi, na mwaka huu hatutakopea sikukuu.

Kisha waulize wao wanataka nini. Utashangaa. Pengine anayefanya kazi alikuwa akiomba ruhusa kwa shida kila Desemba kwa sababu alidhani wewe utaumia asipokuja. Pengine mwanafunzi angefurahia zaidi siku mbili za kukaa na nyanya peke yake kuliko siku tano za umati. Huenda kuna mipango ambayo mmekuwa mkiilipia kwa mkopo na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa akiipenda.

Mabadiliko hayahitaji kuwa makubwa. Safari yaweza kuhamishwa hadi Pasaka, ambayo ina siku nne za mapumziko kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, au hadi likizo ya Agosti. Si lazima wote mwende siku moja. Kila mmoja aweza kufika kwa wakati wake, na nyanya akapata wageni mara tatu kwa mwaka badala ya mara moja. Nguo za sikukuu kwa watu wazima ziachwe. Na kama ni mbuzi, wanunue kwa kuchanga.

Katika kuchanga, mzazi, uwe na kiasi. Usiombe kila mtoto kiwango sawa. Aliye na mshahara atoe kulingana na mshahara, anayefanya vibarua atoe alichonacho, na mwanafunzi atoe jasho: apike, ateke maji, arekebishe ua wa nyanya. Wala usimgeuze kifungua mimba kuwa benki ya nyumba. Huenda naye anadaiwa. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa HELB hutakiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na kodi ya nyumba haimsubiri. Ukihamishia deni lako mabegani mwake hujalilipa. Umelibadilisha mwenyewe tu.

Bado kuna nyanya na babu. Hilo ndilo zito, kwa kuwa wazee hawana Krismasi nyingi mbele yao, na hakuna hesabu inayoweza kulifuta jambo hilo. Ndiyo maana sisemi usiende. Nasema usiwafanye wazee wasubiri langoni siku ya sikukuu ndipo upige simu ya visingizio. Wapigie mapema, Oktoba hivi, uwaambie mtakuja lini. Mzee akishajua tarehe, ana la kungojea. Na kama nyanya ni mgonjwa, au umri umeenda sana, safari hiyo ndiyo itangulie, na mengine yote yapunguzwe: maboksi, nguo, kinywaji. Aende hata mmoja wenu kwa basi la kawaida. Nyanya hahesabu maboksi, anahesabu nyuso.

Nawe kijana, usikae ukingoja kuitwa kikaoni. Nenda kwa mzazi wako umwambie, "Mama, mwaka huu usininunulie nguo. Nauli yangu nitajilipia." Maneno hayo machache yaweza kumpunguzia mkopo ambao hakujua jinsi ya kuukwepa. Huenda mama amekuwa akikopa kwa sababu anafikiri wewe bado unatarajia.

Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa kunataka nyumba nzima ijue kinacholipwa. Basi kabla Desemba haijabisha hodi, chagueni Jumapili moja, mketi pamoja baada ya chakula cha mchana, na ile karatasi iwe mezani. Aliye mbali apigiwe simu.