Zima, Washa, Halafu Nini?

Jamani wadau, leo mnivumilie. Nina hasira na sitaki kuzimeza.

Hakuna maneno yanayonichosha maofisini kama haya: "Mtandao unasumbua." Unasumbua nini? Wapi? Tangu lini? Hapo utaangaliwa kama umetukana.

Usiku mmoja, katika chumba cha habari nilichokuwa nafanyia kazi, hifadhi nzima ya picha ilitoweka kwenye kompyuta zetu saa mbili kabla gazeti halijaenda mitamboni. Picha zilikuwepo. Diski nzima, seva nzima. Kilichokatika ni njia ya katikati, tundu moja kwenye swichi ya faiba inayounganisha seva na diski. Mtaalamu akaja, akachomoa waya wa umeme wa swichi, akauchomeka tena. Uchunguzi wenyewe ndio huo!

Matundu mengine yalikuwa yanafanya kazi, akayaangusha yote. Tena swichi huhesabu makosa ya kila tundu, na ukiizima hesabu zile hurudi sifuri. Ni polisi anayefika kwenye tukio na kuanza kupiga deki.

Najua mtasema zima-washa husaidia. Wakati mwingine, ndiyo. Ila hutajua ilisaidia nini, na wiki ijayo mtakutana tena hapo hapo, kama tulivyokutana sisi.

Inaniuma kwa sababu swichi inaongea. Chukua zile za Brocade. Andika switchshow, kila tundu litakueleza hali yake. Likisema No_Light, hakuna mwanga unaoingia: kagua waya, kagua kile kidude cha leza, hakikisha upande wa pili umewashwa. Likisema No_Sync, mwanga upo lakini pande mbili hazielewani, na hapo kasi ni mshukiwa mkubwa. Kidude cha gigabiti 32 hakishuki hadi 4 hata ukikiombea dua. Kisha porterrshow inakuonyesha makosa yanayopanda, na hata kama data imeharibikia kwenye waya huo huo au imefika ikiwa imeshaharibika. Amri ya sfpshow inapima nguvu ya mwanga unaoingia. Ukiwa bado na shaka, badilisha kitu kimoja tu, utazame kosa limehamia wapi. Kimoja! Ukibadilisha vitatu kwa mpigo unabahatisha.

Na mbona tundu moja likifa ofisi nzima inapofuka? Mitandao ya namna hii hujengwa kwa swichi mbili zisizotegemeana, kila seva ikiwa na waya kwenye kila moja. Sisi tulikuwa na moja. Swali hilo halikuulizwa kikaoni. Kilicholetwa kikaoni ni ankara ya kununua swichi mpya badala ya ile "mbovu".

Kabla haijasainiwa, binti mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliomba kuangalia. Akakuta mwanga unaingia kwa kusuasua, akachomoa faiba, akasafisha ncha zake. Kiini cha faiba ile ni mikroni 50 tu. Alama ya kidole inatosha kuiziba. Makosa yakaacha kupanda siku hiyo hiyo.

Swichi "mbovu" ilikuwa bado inafanya kazi siku naondoka pale. Binti alimaliza miezi yake akaenda zake, hata barua ya shukrani hakupewa. Mchomoa waya alipandishwa cheo.