Dhahabu ya Namoya na Taa za Salamabila
Safu ya Jumamosi, na Ramazani bin Sadiki

Tangu Juni 2014, ilipotiwa saini sharia nambari 14/011 iliyouvunja ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la serikali, kila mwenye mtaji na azma ana ruhusa ya kuzalisha umeme katika Kongo yetu na kuwauzia raia. Na ilhali miaka imepita mingi, msafiri atokaye Kasongo kuelekea Salamabila, mkoani kwetu Maniema, usiku hupita kijiji baada ya kijiji asione ila mwanga wa tochi na wa vioo vidogo vya jua, hata akifika akapokewa na ngurumo za jenereta zinazokunywa mazutu ya bei ghali, yaliyofika kwa barabara ambayo mvua huifunga ipendavyo.

Sharia ile iliamrisha viundwe vyombo viwili: ARE, iwe mwamuzi baina ya muuzaji na mnunuzi, na ANSER, iufikishe umeme vijijini. Amri za kuviunda zilitoka Aprili 2016, navyo vikakawia miaka kuanza kazi. Tajiri aliye tayari kuweka mtambo mdogo katika mto wa Maniema huuliza mambo matatu: nani atamwandikia idhini, nani ataikubali bei yake, na mali yake itakuwaje siku nyaya za SNEL zitakapofika. Asipojibiwa kwa maandishi hurudi na fedha zake, wala hapana insafu katika kumlaumu.

Jirani zetu wa Tanzania walijibu mapema. Mwaka 2008 waliwawekea wazalishaji wadogo mkataba wa namna moja na bei iliyojulikana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Na mwaka 2012 mto Mwenga, kule Mufindi, ukaanza kutoa megawati 4, ambazo sehemu huuzwa TANESCO, shirika lao la umeme, na sehemu huangaza vijiji vya karibu. Wala tusidhani kwamba haya hayawezekani kwetu: Matebe, katika Rutshuru, maji yanatoa umeme tangu 2015, na Goma kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3.

Sisi tuna jambo ambalo wengi hawana, nalo ni dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulioanza uzalishaji wa biashara mwaka 2016, uliendeshwa kwa jenereta za mazutu, ukawa na taa zake huku majirani wakikaa gizani. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 yautengea utawala wa mahali asilimia 15 ya mrabaha, na yailazimisha kampuni kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi. Fedha hizo aghalabu huzungumzwa kwa habari ya shule na visima, mambo ambayo sina neno nayo. Lakini zahanati isiyo na umeme haihifadhi chanjo, na mama hujifungua kwa mwanga wa simu, jambo linalonitia uchungu kila nilifikiripo.

Basi Bunge la mkoa, huko Kindu, litunge edikti inayotenga sehemu ya mrabaha huo iwe dhamana ya mkopo kwa yeyote atakayejenga mtambo wa maji au wa jua Salamabila na Kabambare. Nayo ARE iweke mwakilishi Kasongo, mwenye mamlaka ya kupokea maombi na kuyajibu kwa muda uliotajwa, na bei zibandikwe sokoni kwa Kiswahili.