Mabilioni ya Reli: Shilingi Inalala Ipuli au Inapita Tu?

MSOMAJI, kila mkubwa anaposhuka Tabora hutujia na tarakimu. Desemba 2021 serikali iliposaini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilometa 368, tuliambiwa ni dola za Marekani bilioni 1.9. Tukapiga makofi. Mwaka uliofuata ukasainiwa ule wa Tabora hadi Kigoma. Makofi tena! Leo tunauliza swali lisilo na makofi: katika fedha zote hizo, ni kiasi gani kinalala Ipuli walau usiku mmoja?

Tusieleweke vibaya. Reli tunaitaka. Tunachokataa ni mtindo wa kututajia gharama ya mradi kana kwamba ndiyo faida ya mwananchi.

Hesabu yenyewe si uchawi. Wachumi wanaiita kizidishi. Richard Kahn wa Uingereza aliiandika mwaka 1931, wakati wa ukosefu mkubwa wa ajira, na Keynes akaitangaza mwaka 1936. Chukua mfano wa kibarua wa Ipuli anayelipwa shilingi 10,000. Akitumia 6,000 hapa hapa, kwa mama ntilie, fundi baiskeli na muuza mchele, nao wakatumia hapa sita katika kila kumi, yaani 3,600, kisha 2,160, na kuendelea hivyo, mwisho wa mzunguko ile 10,000 imezaa mapato ya 25,000 mtaani. Lakini kama zinazobaki ni 2,000 tu kila mara, jumla inaishia 12,500. Mshahara ni ule ule, matokeo ni nusu. Tofauti yote iko kwenye tundu la ndoo.

Na ndoo ya Tabora ina matundu ya siku nyingi. Tazama tumbaku. Mkulima anaipanda, anaikausha kwa kuni za miombo yetu, halafu kwa miaka mingi imepakiwa kwenda kusindikwa Morogoro. Mishahara ya kiwandani ikaliwa Morogoro, kodi za vyumba zikalipwa Morogoro, sisi tukabaki na visiki.

Wazee wetu walikuwa wajanja zaidi. Zama za misafara ya pembe za ndovu, Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo mpaka pwani, wakalipwa vitambaa na shanga, wakarudi navyo nyumbani. Msafara ukitua Unyanyembe ulinunua chakula cha wakulima wa hapa. Mtemi Mirambo naye alitoza hongo kwa wapitao, na wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, si hii ya siku hizi inayopokelewa chini ya meza! Reli ya Mjerumani ilipofika Tabora mwaka 1912, mpagazi akakosa kazi. Mali ikaanza kupita kwa kasi kuliko mikono ya kuikamata. Hatusemi zama zile zilikuwa njema, maana watumwa nao walipita njia hiyo hiyo. Tunasema tu kwamba njia kupita kwako si sawa na utajiri kubaki kwako.

Sasa turudi kwa wataalamu wa wizarani. Hesabu kubwa za siku hizi hutumia majedwali yanayoonyesha nani anamuuzia nani, kazi iliyompatia Wassily Leontief tuzo ya Nobel mwaka 1973. Ni chombo kizuri. Shida ni kwamba jedwali la taifa zima halimjui mtu wa Ipuli. Shilingi ikienda kununua saruji ya Dar es Salaam, kwa mtu wa Wizara ya Fedha bado iko Tanzania. Kwa mama ntilie wetu imekwenda. Na injini za umeme zilizotoka Korea Kusini? Hizo zimezunguka Korea.

Kuna na jambo la pili ambalo wanasiasa hawalisemi. Hesabu hizi za kizidishi kwa kawaida hudhani kwamba vijana wasio na kazi wapo, bidhaa zipo tele, na bei hazipandi. Vijana wapo, hilo hatubishani. Lakini wageni wakiingia mtaani wenye mishahara mizito, vyumba haviongezeki kwa wiki moja. Kodi ya chumba inapanda, mchele unapanda, kwenye karatasi mapato ya mtaa yameongezeka, huku mwalimu wa shule ya msingi akihamisha godoro lake kwenda pembeni ya mji. Je, huo ndio uchumi uliokua?

Kwa hiyo hatudai siasa, tunadai karatasi. Waheshimiwa madiwani wa Manispaa ya Tabora waombe, kikaoni na kwa maandishi, orodha ya manunuzi ya miradi yote mikubwa mkoani: chakula cha kambi kimenunuliwa kwa nani, kokoto, mbao na sare za wafanyakazi zimetoka wapi, vibarua wangapi ni wa mkoa huu na wanalipwa kiasi gani. Wabunge wetu nao wamwulize Waziri wa Fedha bungeni: ile hesabu ya faida za reli ilidhani senti ngapi katika kila shilingi zitabaki Tabora? Kama ilihesabiwa, namba ipo. Kama haikuhesabiwa, tuambiwe hivyo hivyo.

Majibu yakija tutayachapa ukurasa huu huu, bila kupunguza neno.