Ukungu Hauna Hatia

Msomaji, kila ianguapo ndege ya jeshi, hukosi kusikia watu wakisema kuwa ajali haina kinga. Methali hiyo ni faraja njema kwa wafiwa. Kwa wakubwa wa majeshi ni maficho.

Tarehe 12 Agosti, 2012, helikopta nne za jeshi la Uganda, zilizokuwa safarini kwenda Somalia, ziliruka kutoka Nanyuki kuelekea Garissa. Moja ilifika. Tatu, za vita, aina ya Mi-24, ziliangukia Mlima Kenya, na wanajeshi wakapoteza maisha. Upesi hali ya hewa ikalaumiwa. Kabla ya hapo, tarehe 10 Aprili, 2006, ndege ya jeshi la Kenya aina ya Y-12 ilianguka karibu na Marsabit, wakafa watu 14, miongoni mwao wabunge waliokuwa wakienda kutafuta amani. Hapo pia ukungu ulitiwa kizimbani.

Mimi naikataa hukumu hiyo. Ukungu huja na kuondoka, lakini mlima haujahama. Kimo chake ni mita 5,199, na jambo hilo hufundishwa shuleni. Chukua ramani, uweke rula toka Nanyuki hadi Garissa: mstari utakwea bega la mlima, kaskazini ya kilele. Wewe umeiona hatari hiyo ukiwa umeketi darasani.

Kompyuta hufanya kazi ya rula yako, bila kuchoka. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11, kikipima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu. Programu iliyo na vipimo vya namna hiyo huambiwa ndege inatoka wapi, inakwenda wapi, ina uzito gani, mafuta kiasi gani, na upepo unavuma vipi. Nayo huchora njia na kuonyesha kimo kilicho salama katika kila sehemu. Kwa ndege ya vita huongezwa neno zito: silaha za adui ziko wapi, na rada yake huona hadi wapi. Rubani wa vita hupenda kuruka chini, nyuma ya vilima, asionekane. Basi kilima kile kile ni ngao yake, na chaweza kuwa kaburi lake.

Wako wasemao kuwa hiyo ni anasa ya Marekani. Ajabu! Nchi iliyopata fedha za kununua helikopta ya vita imekosa za kuipangia njia? Wengine hudai kwamba mashine huua ushujaa. Vijana wa hapa Kinanie, watazamao ndege zikipita juu ya tambarare na kutamani urubani, wasidanganywe hivyo. Kugeuza ndege mawingu yakifunga kunataka moyo kuliko kuendelea.

Hoja moja tu naiheshimu: kompyuta iliyolishwa tarakimu mbovu hutoa njia mbovu. Ni kweli. Ndiyo maana lazima awepo ofisa wa kuikagua njia hiyo, mwenye mamlaka ya kuizuia safari, hata kama jenerali ana haraka. Kompyuta haishtakiwi. Basi ndege ya jeshi ikianguka tena, usiulize kwanza habari za mawingu. Uliza: karatasi ya njia iko wapi, na ni nani aliyeitia sahihi?