Utalii Pwani: Wanyonge nao wasikike

Mnamo Mei 2014, serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasizuru Mombasa ila kwa jambo la lazima. Katika muda wa siku chache, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha kwao mamia ya watalii na kufuta safari za Mombasa hadi Oktoba mwaka huo. Serikali yetu ililalamika kwamba tangazo hilo halikuwa la kirafiki. Lakini je, malalamiko hayo yalimfaa nini mchonga vinyago wa Changamwe au mwenye mashua wa Diani?

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Watalii waliukimbia ufuo baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulisimamisha safari za ndege za kimataifa tangu Machi hadi Agosti. Kila mara, hoteli kubwa zilikuwa na mawakala ng'ambo wa kuzisemea. Mfanyabiashara mdogo hakuwa na wa kumsemea. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa dau la mnyonge haliendi joshi.

Hata hivyo, mnyonge ana ulimi, na yampasa autumie vyema. Wako wanaonyamaza wakingoja tufani ipite, na kimya chao humfanya mgeni adhani mambo ni mabaya zaidi. Wako pia wanaodai kuwa hapana lililotokea. Mgeni aliyekwisha kusikia habari za milipuko ya Gikomba ya tarehe 16 Mei 2014 hawezi kuamini maneno hayo. Njia ya mwongo ni fupi, na akishatambua kuwa amedanganywa, harudi tena.

Lililo bora ni kusema kweli, mapema na kwa ufasaha. Mtu aliye Ulaya akisikia "Kenya" hudhani ni mahali pamoja. Hajui kwamba kutoka Gikomba hadi Diani ni mwendo wa kilomita zipatazo 500. Mwenye nyumba ya wageni na awaandikie wageni wake wa zamani: limetokea hili, mahali fulani, hapa kwetu hali ni hii, na kule si vyema kwenda kwa sasa. Kisha awaombe waiahirishe safari badala ya kuifuta. Gharama yake ni ndogo, nayo faida ni kubwa.

Isitoshe, wenye mashua, wachuuzi na waongozaji wa watalii wanapaswa kuungana na kumteua msemaji mmoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Tena tusiwasahau wageni wa humu nchini. Ni ajabu kwamba twawalilia Wazungu ilhali bei zetu hatuzitangazi kwa shilingi wala kwa Kiswahili.

Bila shaka, maneno hayawezi kuwa badala ya usalama. Wajibu huo ni wa serikali, ambayo pia yapaswa kuwapa wadogo hawa habari za hakika mapema, badala ya kuzungumza na wenye mahoteli peke yao. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hatakuja iwapo haliamini neno la mwenyeji wake.